Bi Metroni na Adabu ya Kidonge

Bi Metroni alikuwa akinusa magodoro. Hilo ndilo jambo la kwanza nililolijua kumhusu, na nililijua kabla sijauona uso wake. Siku niliyokwenda kuomba kazi kwenye nyumba ya wazee, niliambiwa nitamkuta wodini, na kweli nikamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, pua ameizamisha kwenye godoro, na mzee mwenye godoro lake amesimama pembeni akisubiri hukumu. Nikatoa shikamoo. Akaipokea bila kuinua kichwa, akaniuliza mimi nasikia harufu gani. Nikapiga magoti nami, na leso yangu mpya, nikanusa. Nikasema nasikia sabuni. Akauliza sabuni na nini. Nikanusa tena, nikasema sabuni na uongo. Sijui neno hilo lilinitoka wapi. Bi Metroni alicheka mpaka akakaa sakafuni, na yule mzee, ambaye alikuwa amelowesha godoro na kulisugua mwenyewe alfajiri kwa aibu, akacheka pia. Nikaanza kazi siku hiyo hiyo.

Nyumba yetu ilikuwa upande wa juu wa barabara ya Lungalunga, ukishaipita Gazi na kabla ya kuingia Msambweni. Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini, mvua za Elnino zimeshatuchosha na kwenda zake, na wazee walikuwa kumi na mmoja. Wengine walikuwa Wadigo wa hapo hapo, wengine watu wa bara waliokuja kulima kwenye mashamba ya makazi wakazeekea pwani, kama wazazi wangu mimi. Walichofanana ni kwamba hawakuwa na mtu wa kuwatazama. Kila mwaka alikuja afisa wa afya kutukagua, Bwana Afya kama anavyoitwa kila mahali, na kibali cha nyumba kilikuwa mkononi mwake. Akiridhika, tunaendelea. Asiporidhika, nyumba inafungwa na wazee wanatawanywa, huyu Kwale, huyu Mombasa, huyu kusikojulikana. Bi Metroni ndiye aliyewekwa kuhakikisha hayo hayatokei, na aliifanya kazi hiyo kwa furaha ambayo sijaiona kwa mtu mwingine yeyote, hata kwa bwana arusi.

Alikuwa mfupi, mnene wa kiasi, mtandio umebanwa kwa pini mbili, na alivaa raba nyeupe za mwanafunzi ili asisikike anapokuja. Alikuwa na funguo nyingi kiunoni lakini alizifunga kwa kitambaa zisilie. Ungekuwa jikoni unaonja mchuzi kwa mwiko, kisha ukahisi tu kwamba kuna mtu anapumua nyuma ya sikio lako. Hakugombeza. Aliuchukua ule mwiko, akautia kwenye maji ya moto, akakupa kijiko, akaenda zake anatabasamu, na wewe ukabaki umeona haya mpaka jioni.

Nyumba nyingine, tulikuwa tukisikia, zilipakwa rangi wiki ya ukaguzi. Wazee walivishwa mashuka mapya, na Bwana Afya akiondoka mashuka yanarudi kabatini. Bi Metroni aliona hilo ni jambo la fedheha. Alisema mkaguzi si mgeni, mkaguzi ni mtu aliyechelewa, na sisi tunaolala na kuamka hapa tulikuwa na mwaka mzima wa kuona kabla yake. Basi kila Alhamisi tulikaguliwa na wazee wenyewe. Alichaguliwa mmoja kwa zamu, akavishwa tai ya rangi ya hudhurungi ambayo hakuna aliyejua ilikotoka, akapewa ubao wa kuandikia, na siku hiyo nzima sote tukamwita Bwana Afya, hata akiwa ni bibi. Wasioweza kuandika walisema, na mimi nikaandika.

Siwezi kuzieleza Alhamisi zile bila kucheka. Mzee Hamisi, aliyekuwa mhudumu wa mezani kwenye hoteli za Diani kwa miaka thelathini, alikagua meza tu, akatuandikia kosa kwamba uma zimewekwa upande usiofaa. Hatukuwa na uma hata moja. Mzee Mutisya, mkulima wa Kikamba mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alitoka nje moja kwa moja akakagua muhogo, akarudi na ripoti ndefu kuhusu fuko anayeutafuna. Bi Metroni aliamuru yote yaandikwe, pamoja na fuko. Lakini zamu ya Bi Mejumaa ilipofika hatukucheka sana. Bi Mejumaa alikuwa kikongwe mdogo mwenye jicho moja, zamani alikuwa mpishi wa arusi, na alikwenda jikoni akamwomba mpishi wetu amsomee cheti chake cha afya kwa sauti. Mpishi akasoma jina lake, akasoma namba, akafika kwenye tarehe, akaanza kukikunja. Kilikuwa kimekwisha muda wake miezi miwili nyuma, na hakuna aliyekuwa ameona. Bi Mejumaa akamvua aproni kwa mkono wake, akapika yeye siku tatu mpaka mpishi alipopimwa. Zilikuwa siku tatu za pilau, na nadhani tulisikitika mpishi aliporudi.

Kwa njia hiyo hiyo tuligundua kwamba tangi la maji halina kifuniko, na kwamba mlango wa nyuma, ambao ndio wa kukimbilia moto ukitokea, umefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko nyumbani kwa mwenyekiti wa kamati ya nyumba. Bi Metroni alilikata kufuli lile kwa msumeno yeye mwenyewe, akampelekea mwenyekiti vipande kwenye bahasha, na barua ya salamu nzuri sana.

Daftari nalo. Palikuwa na mzee mmoja aliyepooza, na ilitakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, na kila akigeuzwa iandikwe. Mimi nilikuwa na tabia, nisiifiche, ya kuandika yote mara moja asubuhi ili nimalize. Saa mbili kushoto, saa nne kulia, saa sita kushoto, mwandiko mzuri umenyooka. Siku moja vijana wa jirani walikuja wakambeba mzee yule na kiti chake kwenda kutazama ngoma ya arusi, akakaa huko mpaka alasiri anakula halua. Jioni Bi Metroni akafungua daftari, akaniita kwa upole, akaniuliza kama saa sita niliyomgeuza kushoto nilimgeuzia mbele ya bibi arusi au nilimtoa nje kwanza. Akanilaza kwenye kitanda kitupu, ubavu wa kulia, akanikataza kujigeuza kwa saa mbili, akavuta kiti akakaa kunisimulia habari za watu wa kwao Mwabungo. Habari zilikuwa tamu, lakini nusu saa haikufika nilikuwa naomba msamaha kwa Mungu na kwa yule mzee. Toka siku hiyo niliandika nilichofanya, baada ya kukifanya.

Kazi yake hakuiacha kazini. Nilikwenda naye arusini mara moja, nikaapa sirudii. Kabla hajakaa alikuwa ameshahesabu njia za kutokea kwenye banda, akasogeza jiko la mkaa lililokuwa karibu na makuti, akamuuliza shangazi wa bibi arusi watu watapitia wapi moto ukishika. Shangazi alidhani anaapizwa. Ilibidi mimi nieleze kwamba huyu mama anaulizia moto kila mahali, na kwamba hana nia mbaya. Bi Metroni wakati huo alikuwa anakula sahani ya pili ya pilau, ameridhika.

Na mtu huyu aliyetujua sote mpaka chini ya magodoro, dawati lake lilikuwa aibu tupu. Ukivuta droo inatoka na barua za mwaka juzi, pini, maganda ya karanga, na mara moja kiatu. Alitukataza tusiweke chakula pamoja na dawa, na halua yake ilikaa nyuma ya sanduku la huduma ya kwanza, imefungwa kwa bendeji. Wafanyakazi wote tulipotakiwa kupimwa damu, yeye aliyewachoma wazee sindano kila mwezi bila huruma, alishikwa na watu wawili, na aliimba kaswida kwa sauti ya juu mpaka sindano ilipotoka. Nilimpenda zaidi kwa hayo kuliko kwa maagizo yake.

Sasa nifike kwenye jambo lililotaka kutuangusha, na niseme mapema kwamba mkono wangu ulikuwemo.

Zamani wazee walipewa vidonge mkononi. Bi Metroni hakupenda. Alisema mtu mzima hatupiwi dawa kiganjani kama kuku anayerushiwa punje, akanunua visahani kumi na moja vyenye maua ya samawati, na ikawa kila asubuhi, wazee wakinywa chai na mahamri, mimi napita na sinia, namwekea kila mmoja kisahani chake na vidonge vyake. Kanuni ilisema nisimame hapo nihakikishe kila kidonge kimemezwa na mwenyewe. Nilisimama. Lakini mimi nimelelewa pwani, na mama yangu, japo wa bara, alijifunza upesi kwa majirani na kunifunza kwamba mtu anapokula humkodolei macho mdomoni, seuze mzee. Kwa hiyo niliweka visahani, nikageuka nikatazama dirishani mpaka nisikie vikombe vimetulia, kisha nikatia sahihi kwamba wote wamemeza.

Miezi ikapita. Mzee Mutisya, mwenye presha, akaanza kutetemeka na kutoka jasho kabla ya adhuhuri, miguu haimshiki. Mzee Hamisi, mwenye ugonjwa wa sukari, sukari yake ikakataa kushuka. Bi Metroni alimshuku Hamisi kwamba anakula halua kwa siri. Alilipekua godoro lake, akainusa mito yake yote miwili, akamuuliza mbele ya watu. Mzee akaapa hajaonja. Bi Metroni hakuamini, nadhani kwa sababu halua alikuwa anaijua vizuri mwenyewe.

Kisha Bwana Afya wa kweli akaja. Alikuwa mtu wa bara, mnyamavu, mwenye adabu, na asubuhi ile mambo yalikuwa yanatuendea vizuri kiasi kwamba mpishi alikuwa anapiga mluzi. Tangi lina kifuniko, mlango wa nyuma unafunguka kwa kidole, vyeti vyote vya mwaka huu, daftari la kugeuza lina wino wa kila namna. Akasema lililobaki ni kuona dawa zinavyotolewa. Nikapita na sinia. Nikaweka visahani. Nikageuka dirishani. Bwana Afya hakugeuka.

Aliyoyaona yeye nimesimuliwa baadaye, ila sauti niliisikia mwenyewe. Mzee Hamisi alikivunja kidonge chake kwa ukucha, akasukuma kisahani kuelekea kwa Mzee Mutisya.

“Karibu, Mutisya.”

Mutisya akashukuru, akachukua nusu, akavunja cha kwake, naye akasukuma kisahani. Kisha Hamisi, mtu wa miaka thelathini ya kuhudumia wageni, akaona kwamba kuna mtu amesimama pale na hana kitu mkononi. Akakivunja kile kilichobaki, akainua kisahani kwa mikono miwili.

“Na wewe, Bwana, karibu. Ni kidogo, lakini tule pamoja.”

Niligeuka nikaona uso wa Bwana Afya. Kalamu ilikuwa imemponyoka na ilikuwa inabingirika chini ya meza, na hakuna aliyeiokota. Mwishowe aliiokota Bi Mejumaa, akampa, na kumwambia asione haya, achukue tu.

Aliandika ukurasa mmoja na nusu. Alisema kwa masikitiko, na nadhani alisikitika kweli, kwamba mtu angeweza kufa pale mezani, na kwamba anatupa siku thelathini. Akirudi akakuta kidonge cha mtu kimeingia mdomo wa mwingine, kibali hakitatolewa, na wazee watapangiwa pengine. Wazee walikuwa wanasikia. Mutisya aliniuliza kwa ile sauti yake kubwa kama hapo pengine Hamisi naye atakuwepo. Nikasema sijui. Nilikuwa najua kwamba hatakuwepo.

Bi Metroni aliwakalisha wazee wawili wale, akauliza ilianza lini. Hamisi akasema ilianza siku visahani vilipofika. Kidonge kikiwa mkononi kilikuwa dawa, akasema, lakini kikija kwenye kisahani cha maua pamoja na chai, atakilaje peke yake na mwenzake yuko hapo anamwona? Mutisya alikuwa mgumu kusema. Baadaye akakiri kwamba yeye alijua si vizuri, lakini tangu aje pwani hajawahi kukataa tonge la Hamisi, na akikataa sasa Hamisi atadhani anamdharau. Bi Metroni alimwomba Hamisi radhi kwa habari ya halua. Hamisi akapokea radhi kama mtu aliyekuwa akiisubiri.

Mimi nilikwenda kulia kwenye chumba cha mashuka. Nilijua ni macho yangu. Ningetazama asubuhi moja tu, jambo lingekwisha. Bi Metroni alikuja na raba zake, sikumsikia, akakaa juu ya furushi la nguo chafu karibu nami.

“Mama Mumo,” akasema, “wewe uligeuka kwa adabu. Mimi nilinunua visahani kwa adabu. Hamisi alikaribisha kwa adabu, na Mutisya akaitikia kwa adabu. Tumetaka kumuua mtu wa watu kwa adabu.”

Akaanza kucheka, nami nikacheka, kisha nikaona kwamba yeye analia. Sikuwa nimemwona akilia kabla ya hapo. Tulikaa hapo mpaka mpishi akaja kutafuta taulo.

Jaribio letu la kwanza lilikuwa la kuwaita wazee mmoja mmoja kwenye dirisha la ofisi. Walikataa siku ya pili. Walisema hawakuua mtu hata wapangwe foleni kama wafungwa. Jaribio la pili lilikuwa la kuwakataza tu, kwa maneno. Bi Metroni alieleza presha, akaeleza sukari, wakaelewa wote, wakaitikia wote. Siku mbili baadaye Hamisi alikaa mbele ya kidonge chake kama mtu aliyefiwa. Hakumkaribisha Mutisya, lakini hakuweza kula mbele yake pia, akakitia mfukoni, na tulipokagua mfuko tukakuta na cha jana. Siku kumi na nne zilikuwa zimekwenda. Nilianza kuota Bwana Afya anakuja na lori.

Hapo ndipo Bi Metroni alipofanya jambo ambalo mimi, na cheti changu cha uuguzi msaidizi, nisingelifikiria. Aliwakusanya wazee barazani baada ya alasiri, akawaambia yeye ameshindwa, anataka msaada wao. Akauliza: katika dunia hii, ni kitu gani ambacho mtu mwenye adabu zake hamkaribishi mwenzake, na mwenzake hakasiriki?

Wakafikiri. Mmoja akasema nguo, akapingwa, nguo huazimwa. Mmoja akasema kitanda, akapingwa na wote waliowahi kulala matangani. Bi Mejumaa akasema mume. Hapo mzee mmoja mwenye ndevu akakohoa, akamkumbusha kwamba mume anaweza kugawanywa mpaka kwa wanne, na sheria iko wazi. Bi Mejumaa akajibu kwamba anajua, alikuwa wa pili, na ndiyo maana anasema haifai. Baraza zima likaanguka. Mutisya alicheka mpaka nikaenda kumpima presha. Tulikuwa hatujatulia ndipo yule mzee aliyepooza, ambaye maneno yalimtoka moja moja kwa tabu, akasema:

“Mswaki.”

Kila mtu akautazama mswaki wake moyoni. Hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake karibu mswaki, wala aliyewahi kuombwa. Hata mume na mke hawaazimani mswaki. Bi Metroni alisimama, akamwendea mzee yule, akambusu mkono, akaingia ndani kutafuta kamba.

Kuanzia asubuhi ya pili hapakuwa tena na visahani. Kila mzee alikuwa na kikombe chake cha bati, kimefungwa kwa kamba ya rangi yake, na ndani yake mna mswaki wake wa mti, na ndani ya kikaratasi kilichoviringwa kwenye mswaki huo vidonge vyake. Walikaa kwenye benchi la nje, kabla ya chai, wakasugua meno, wakasukutua, wakameza, wakatema walivyotaka kutema. Nami nilisimama mbele yao nikitazama midomo, maana mtu anayepiga mswaki si mtu anayekula, na macho yangu yaliniruhusu. Hamisi aliketi bega kwa bega na Mutisya na hakumkaribisha, na wala hakuhuzunika. Chai ilipokuja, akakata hamri lake katikati akampa mwenzake kipande kikubwa, tukamwacha. Mutisya aliacha kutetemeka wiki ile ile. Sukari ya Hamisi ikashuka mpaka Bi Metroni akaipima mara mbili kwa kutoamini.

Bwana Afya alirudi siku ya thelathini, asubuhi sana, bila kutuarifu, ndivyo inavyotakiwa. Alitukuta kwenye benchi. Bi Metroni hakumkimbilia wala hakumpa kiti. Alimwamkia tu, akamwonyesha pa kusimama. Bwana Afya alimsogelea Hamisi, akasimama karibu kabisa, mikono mitupu, njaa ya safari inaonekana usoni, kama vile anamjaribu. Hamisi alimwangalia. Alifungua kikaratasi, akaweka kidonge ulimini, akanywa maji, akafungua mdomo wazi kuonyesha kwamba hamna kitu.

“Samahani, Bwana,” akasema. “Hii ni ya mswakini. Chai inakuja, hapo nitakukaribisha.”

Bwana Afya aliandika muda mrefu. Kisha akamuuliza Bi Metroni ni kanuni ipi aliyoifuata, maana katika kanuni zake yeye hakuna mahali palipoandikwa mswaki. Bi Metroni akasema kanuni ni ile ile, mtu ameze chake na aonekane akimeza, ila kanuni ilikuwa haijafika pwani. Bwana Afya alikunywa chai, akala hamri la Hamisi, na kibali kikatundikwa ukutani kabla ya mwezi kwisha. Siku hiyo tulipiga ngoma kwa masufuria. Bi Metroni alicheza kwa raba zake mpaka pini moja ya mtandio ikapotea, na kwa kuwa pini sakafuni ni hatari kwa wazee, sote tulipiga magoti kuitafuta, tukiwa bado tunaimba.

Wazee wale walibaki. Ndilo jambo ninalotaka lijulikane. Walibaki pamoja, na walipoanza kuondoka waliondoka mmoja mmoja, kila mtu kutoka kitandani mwake, wenzake wakimsindikiza. Hamisi alitangulia. Mutisya alimfuata miaka miwili baadaye. Bi Metroni alistaafu, mimi nikaenda kufanya kazi Ukunda, na ikawa tunaulizana hali kwa watu wanaopita.

Mwaka mmoja nilikuwa na shughuli Mwabungo, nikaamua kumtafuta. Sikuwa nimewahi kufika kwake. Nilimkuta amezeeka, amepungua, anachambua mchele kwenye ungo, na akaniuliza kabla sijakaa kama basi nililokuja nalo lilikuwa na dirisha la dharura. Nikacheka. Akaniingiza ndani. Nilitarajia sebule kama sebule za watu. Nikaingia chumba kirefu ajabu, ukuta wa kati umebomolewa, hakina kitu ila mkeka mmoja na redio. Kando ya kuta zote mbili palikuwa na fito zilizopigiliwa kwa kimo cha kiuno, za kushikilia mtu asiye na nguvu za miguu. Nikatazama juu. Darini palikuwa na kulabu za vyandarua, mistari miwili.

Nikamuuliza kama alikuwa anafungua hospitali. Akasema la, alizipigilia mwaka ule wa kidonge, ndani ya zile siku thelathini. Fundi alimaliza siku mbili kabla ya Bwana Afya kurudi.

Nilikaa chini kwenye mkeka. Nikamwambia lakini ingekuwa kosa. Nyumba isiyo na kibali, choo kimoja, vitanda vimebanana. Yeye ndiye aliyetufundisha.

“Ingekuwa kosa,” akasema. “Nilipima mara tatu, nafasi ilikuwa haitoshi. Ningeliandika daftarini, nikatia sahihi yangu. Lakini Mutisya asingeamka mahali asipomwona Hamisi.”

Alirudi kwenye mchele wake, akawa anatoa vijiwe, hana habari nami. Nikaanza kuzihesabu kulabu, kwa kuwa ndivyo alivyonizoeza, kuhesabu kila kitu. Nikafika kumi na moja, na moja ikabaki, pembeni, karibu na mlango. Nikadhani nimekosea nikarudia. Zilikuwa kumi na mbili. Nikamuuliza hiyo ya mlangoni ni ya nani, maana yeye mwenyewe alikuwa na chumba chake.

Aliniangalia kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi.

“Yako,” akasema. “Nani angewatazama wakimeza?”